Laptopu ya kazi imegoma: tafuta ugonjwa kabla hujalegeza skrubu hata moja

Mhasibu mmoja aliniletea laptopu yake wiki ya kufunga hesabu. Ni zile nyembamba, nyepesi, ambazo zikiwa mpya bei yake inanunua pikipiki na chenji inabaki. Imekufa kabisa: haina taa, haina feni, haina mlio. Fundi wa kwanza alishamwambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua na bei akataja. Nikachomoa chaja, nikanyoosha kibanio cha karatasi, nikakisukuma kwenye kitobo kidogo kilichoko upande wa chini wa laptopu, nikahesabu mpaka kumi. Nikarudisha chaja, nikabonyeza kitufe. Ikawaka, na hesabu zake zote zimo.

Sikufanya muujiza. Ndani ya laptopu kuna kompyuta nyingine ndogo, kidhibiti kinachosimamia kitufe cha kuwashia, chaji, feni, taa na kibodi. Hiki hakilali. Hata ukizima laptopu, chenyewe kinakula umeme kidogo kutoka kwenye betri, na kina programu dhibiti yake, yaani programu iliyoandikwa ndani ya chipu yenyewe. Programu yoyote inaweza kuganda. Zamani tulikuwa tunachomoa betri na mambo yanaisha, lakini siku hizi betri imefungiwa ndani, kwa hiyo kidhibiti kikiganda kinabaki kimeganda, na mwenye mali anaambiwa mazabodi imekufa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoufuata mwenyewe mezani: kuanzia yasiyo na gharama na yasiyodhuru, kwenda kwenye yale yanayoweza kuharibu. Mifano mingi nimeichukua kwenye ThinkPad za Lenovo, kwa sababu ndizo zimejaa maofisini na kwenye maduka ya mitumba, lakini nimeweka na Dell na HP pale zinapotofautiana.

Andika dalili kwanza

Chukua kalamu. Inagoma wakati gani? Ikiwa kwenye chaja au kwenye betri? Ikiwa imeunganishwa na doki (kile kituo cha mezani cha kuchomekea skrini, kibodi na vifaa vingine) au peke yake? Imeanza baada ya nini: sasisho la Windows, kuanguka, chai kumwagika, umeme kukatika na kurudi kwa kishindo? Tatizo usiloweza kulirudia kwa makusudi hutajua kama umelitibu. Utabadilisha kitu, litatulia siku mbili, utashangilia, halafu litarudi siku ya mkutano.

Kama bado inawaka, fanya mambo mawili kabla ya jaribio lolote. Nakili faili zako kwenye diski ya nje. Kisha tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Windows 11 kwenye mashine nyingi husimba diski yenyewe bila kukuuliza, na ukigusa BIOS tu (programu dhibiti kuu inayoamsha mashine kabla ya Windows), siku ya pili inakusimamisha ikidai tarakimu 48. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Nakili tarakimu hizo kwenye karatasi, si kwenye laptopu hiyohiyo. Nimeona watu wazima wakikaribia kulia kwa ajili ya karatasi hii. Kama ni laptopu ya ofisi, ufunguo huenda uko kwa watu wa TEHAMA. Waombe leo, usingoje siku ya msiba.

Kata umeme wote

Chomoa chaja, doki, flashi, kila kitu. Kwenye ThinkPad nyingi za betri ya ndani, pindua laptopu utafute kitobo chembamba chini. Kina alama ndogo, na watu wengi hudhani ni cha maikrofoni au cha kupitishia hewa. Ingiza ncha ya kibanio cha karatasi kwa upole mpaka uhisi kitufe, shikilia, toa, rudisha chaja, washa. Kama mashine yako haina kitobo, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 mfululizo ikiwa haina chaja. Data haifutiki kwa kitendo hiki.

Ikiwaka, usikimbilie kuzima na kuwasha ili kujaribu bahati. Iache ichaji, kisha nenda moja kwa moja sehemu ya programu dhibiti hapa chini, maana kidhibiti kilichoganda mara moja huwa kinaganda tena.

Na kama uliongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au ulirejesha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ni kawaida. Mashine inajifunza upya kuongea na RAM, hasa ile ya kizazi kipya iitwayo DDR5. Wengi huizima katikati, ikaanza upya, wakaizima tena. Kunywa chai kwanza.

Chaja na waya

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nusu ya laptopu ninazoambiwa ni nzito au hazichaji, ugonjwa uko nje ya kava.

Chaja ya USB-C haitoi umeme kibubu. Chaja na laptopu huzungumza kwanza, wakakubaliana kiwango: volti 5, 9, 15 au 20. Laptopu nyingi za kazi zinataka 20. Chaja ya simu ikisema mimi mwisho wangu 9, laptopu itakataa au itachaji kwa kusinzia. ThinkPad X1 Carbon hutosheka na wati 65. Mashine za michoro na uhandisi kama ThinkPad P1 zinadai 135 na kuendelea. Ukiipa mashine ya namna hiyo chaja ya wati 65, itawaka, utaona alama ya chaji, lakini ukianza kazi nzito betri inashuka huku imechomekwa.

Waya nao una cheo. Waya wa kawaida wa USB-C mwisho wake ni ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo lazima uwe na chipu ndani inayojitambulisha kuwa unabeba ampea 5. Kwa macho nyaya hizi mbili ni pacha. Kwa hiyo kabla hujalaani mazabodi, azima chaja na waya wa mtu ambaye laptopu yake, ya aina hiyohiyo, inafanya kazi. Jaribu kila tundu la USB-C, si moja tu. Mulika tochi ndani ya tundu: uchafu wa mfukoni hujazana humo mpaka plagi haiingii yote. Utoe kwa kijiti cha mbao, mashine ikiwa imezimwa, wala usitumie sindano.

Kwa Dell zenye chaja ya mdomo wa duara kuna jambo la pekee. Ule mdomo una kijipini chembamba katikati. Hakibebi umeme wa kuendeshea mashine, kinabeba utambulisho wa chaja. Kijipini kikipinda, kikikatika, au chaja ikiwa ya kuigiza, laptopu inaonya wakati wa kuwaka kwamba haitambui aina ya chaja, inaacha kuchaji, na prosesa inabanwa mpaka chini ya gigahezi 1. Mteja anasema Windows imechoka, fundi anaweka Windows mpya, hali ni ileile. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, tazama kasi ya CPU. Ikiwa imekwama kwenye 0.4 au 0.8 hata ukifungua programu kumi, chomoa chaja. Kasi ikipanda, umemkamata mwizi.

Sikiliza taa na milio

Laptopu inayokataa kuwaka mara nyingi inasema inaumwa nini, ila kwa lugha ya taa. Dell za ofisini, Latitude na Precision, humeta taa rangi ya chungwa kisha nyeupe. Hesabu: chungwa 2 na nyeupe 1 ni prosesa; 2 na 2 ni BIOS; 2 na 3 ni RAM haionekani; 2 na 4 RAM mbovu; 2 na 7 ni kioo. HP hutumia taa ya Caps Lock. ThinkPad za kuanzia mwaka 2018 hivi hupiga wimbo mfupi wa milio ambao programu ya simu ya Lenovo inausikiliza na kukutajia kosa. Rekodi video ya taa au milio hiyo; ukienda kwa fundi, video hiyo inaongea kuliko maelezo yako.

Ikiwaka lakini kioo cheusi, mulika tochi kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje. Kwenye Dell, shikilia herufi D huku ukiwasha: kioo kitajipaka rangi mojamoja bila kutegemea Windows. Rangi zikitoka safi, kioo kizima, tatizo liko kwingine. Kipimo hiki kinakuokolea pesa ya kioo kipya.

Kisha endesha vipimo vilivyomo ndani ya mashine yenyewe: F10 kwenye ThinkPad za karibuni, F12 halafu Diagnostics kwenye Dell, F2 kwenye HP. Vikitoa namba ya kosa, ipige picha. Vikisema kila kitu kizima, usiviamini sana. Vinakamata kilichokufa, kinachoumwa kwa vipindi huvipita.

Je, ni mashine au ni Windows?

Tengeneza flashi ya Linux, Ubuntu au Fedora, washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha chochote, fanya nayo kazi saa nzima. Wi-Fi ikikatika huko pia, kamera ikikosekana huko pia, sauti ikikwaruza huko pia, basi ni vifaa au programu dhibiti. Ikiwa shwari, rudi Windows uhangaike na draiva, zile programu zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa.

Ndani ya Windows, fungua Event Viewer, daftari la matukio ya mashine. Utaona Kernel-Power namba 41 na utadhani umepata jibu. Hujapata; maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuaga, hiyo unaijua tayari. Kinachofaa ni WHEA-Logger. Huyo ndiye anayeandika makosa ya vifaa vyenyewe, na akitokea dakika ileile ya kuganda, una ushahidi.

RAM na SSD

RAM: weka Memtest86+ kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Kama ina vipande viwili, pima kimoja kimoja, kwani wakati mwingine mbovu ni tundu. Kwenye X1 Carbon na nyingi za umbo hilo RAM imeunganishwa moja kwa moja na mazabodi, hivyo habari hiyo ni mbaya.

SSD, diski ya ndani inayohifadhi faili: tumia CrystalDiskInfo kwenye Windows, au smartctl -a /dev/nvme0 kwenye Linux. Angalia asilimia ya uhai iliyotumika, akiba iliyobaki, na makosa ya uadilifu wa data. Hilo la mwisho likizidi sifuri, nakili faili leo.

Joto, betri na usingizi

Mji wenye vumbi au hewa ya bahari, feni haina raha. Laptopu inayozimika ghafla baada ya dakika ishirini za kazi nzito, ikakataa kuwaka mpaka ipoe, hiyo ni joto mpaka ithibitishwe vingine. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hujibana zikikaribia nyuzi 100. Ukifungua kusafisha, zuia mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza. Blowa ikiizungusha kupita kiasi inaumiza bereni. Pesti ya joto ibadilishwe ikiwa imekauka, si kila mwezi kama wanavyoshauriana watu mitandaoni.

Kuhusu betri, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Itakuandikia faili, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Kama mashine iliyonunuliwa mpya inazimika kwenye asilimia 30, jibu limo humo. Na padi ya kipanya ikiinuka au ikikataa kubofyeka, laptopu ikiyumba mezani, betri imevimba. Zima, usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi.

Halafu kuna lile la laptopu kufunguliwa begini ikiwa moto kama pasi. Laptopu za kisasa hazilali kama zamani. Zinasinzia huku jicho moja wazi, zikipokea barua pepe. Andika powercfg /a kujua aina ya usingizi ulionao, na powercfg /sleepstudy kujua nani aliiamsha. X1 Carbon ya kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ilitoka bila usingizi ule wa zamani kabisa, watumiaji wa Linux wakalalamika, na baadaye mwaka huohuo sasisho la BIOS likaongeza chaguo la Sleep State lenye majina mawili, Windows 10 na Linux. Kama BIOS yako haina chaguo hilo, weka kifuniko kikifungwa mashine ihifadhi kazi kwenye diski na kuzimika kabisa.

Programu dhibiti: dawa kali

Kuna makundi mawili ya watu. Wa kwanza hawajawahi kusasisha BIOS tangu wanunue. Wa pili wanasasisha kila dalili, hata kibodi ikimwagikiwa soda. Mimi nasoma kwanza. Kila toleo huja na faili ya maelezo, na mle ndani mtengenezaji anataja alichorekebisha. Dalili yako ikitajwa, sasisha. Ikiwa ni marekebisho ya usalama, sasisha pia, ila chagua siku yako.

Mfano wa kwa nini usidharau: ThinkPad nyingi za miaka 2017 hadi 2019, zikiwemo T470, T480 na X1 Carbon za kizazi cha 5 na cha 6, zilikuwa na kasoro kwenye programu dhibiti ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayopitia tundu la USB-C. Tundu la USB-C linaacha kufanya kazi, halichaji, doki haionekani, picha haiendi kwenye skrini ya nje. Lenovo walitoa sasisho na kuliita la lazima. Aliyelisakinisha mapema alipona. Aliyechelewa mpaka kasoro ikakomaa aliishia kwenye kubadilisha mazabodi, au kumtafuta fundi mwenye kifaa cha kuandika upya chipu. Laptopu hizi bado zinauzwa mitumba kila siku. Ukinunua, hilo liwe sasisho la kwanza, kabla hata ya kuweka picha ya watoto kwenye skrini.

Jambo jingine la karibu: vyeti vya Secure Boot (ulinzi unaokagua programu zinazoiwasha mashine) vilivyotolewa mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026. Mashine iliyosahauliwa bila masasisho ya Windows na ya BIOS inabaki na vyeti vya kale.

Utaratibu wangu ni huu. Mashine isiwe inazimika ovyo. Kama RAM ni mbovu au joto linaizima, tibu hilo kwanza, maana kuzimika katikati ya kuandika BIOS ndiko kunakoua kweli. Sitisha BitLocker kwa manage-bde -protectors -disable C: na uchaji betri vizuri. Chomoa doki na vifaa vyote, acha chaja tu. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli iliyoko upande wa chini wa laptopu, si kwa jina la jumla. Linux mnayo njia rahisi zaidi: fwupdmgr refresh, halafu fwupdmgr update. Skrini ikizimika, feni ikipiga kelele, ikijiwasha mara mbili tatu, usiiguse. Ikimaliza, washa tena ulinzi: manage-bde -protectors -enable C:

Ujue pia kwamba kurudi nyuma si hakika. ThinkPad zina kipengele kinachozuia kurejea toleo la zamani la BIOS.

Doki nayo ina programu dhibiti yake, na tofauti na laptopu haina betri. Umeme ukikatika wakati wa kuisasisha, hakuna cha kuiokoa. Iunganishe na UPS, au subiri jenereta la ofisi liwe linanguruma.

Sasisho likiharibika, Dell jaribu kushikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. HP shikilia kitufe cha Windows na B huku ukiwasha. ThinkPad za karibuni zina nakala ya akiba na hujirejesha zenyewe, ukizipa muda.

Ukilazimika kufungua

Kwenye ThinkPad ingia BIOS kwa F1, nenda Config, kisha Power, kisha Disable Built-in Battery. Mashine inajizima na betri inakatwa kwa amri, huna haja ya kupapasa plagi ikiwa na umeme. Panga skrubu kwenye karatasi kwa umbo la kava, kwa kuwa urefu hutofautiana, na ndefu ikiingia pa fupi inatoboa mazabodi. Ukiona ujumbe wa 0271 wa tarehe na saa kila unapowasha, ni betri ndogo ya saa tu imekwisha. Ukiona "Fan error", feni haizunguki na mashine imekataa kujichoma. Kioevu kikiingia, usiwashe kujaribu. Ifungue, isafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mchele uuache jikoni.

Kama ni mtumba

Dalili moja haitibiki kwa haya yote. Ingia BIOS mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri la msimamizi asilolijua, rudisha mashine. Kwenye ThinkPad nenosiri hilo mtengenezaji mwenyewe hulifuta kwa kubadilisha mazabodi. Kisha rejesha Windows upya palepale dukani na uiunganishe na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya Ulaya na kudai barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa kwao, na kusakinisha Windows mara mia hakutaifuta. Muuzaji atakwambia usiiunganishe na intaneti wakati wa kusakinisha, itapita. Itapita, ndiyo, mpaka siku utakapoirejesha tena.